Mkeka Wangu Umepata Msaada, Mimi Bado

Likasi, Haut-Katanga

Kwa Bwana Mkubwa wa Mradi wa Tegemeo la Familia

Bwana Mkubwa,

Pokea salamu zangu za heshima, na pole kwa kazi ya kutafuta wenye shida katika mji ambao, kumbe, wenye shida ni wachache hivi. Mimi ni Gertrude, mjane, zamani mkuu wa kina mama wa parokia yetu. Ninalea wajukuu wawili, Hadassa wa miaka kumi na mitatu na mdogo wake Dan, tangu mama yao alipofariki na baba yao akaenda kuchimba mbali, asirudi wala kupiga simu. Hadassa amefukuzwa shule kwa kukosa karo. Wasichana wa rika lake hapa mtaani wanashinda machimboni Kamatanda, miguu ndani ya maji, wakiosha mawe ya wachimbaji. Sitaki aende huko. Hilo ndilo jambo langu lote. Yanayofuata ni malalamiko tu.

1. Kuhusu kuwapata. Nilipoambiwa kuna huduma kwa watoto walio katika hali ngumu, nilidhani huduma hiyo ina mlango. Ofisi ya kwanza ilinituma ya pili. Ya pili ikasema hiyo ni kazi ya kanisa. Kanisani waliniombea vizuri sana, kisha wakanirudisha ofisi ya kwanza, ambako nilipokewa kama mtu mpya kabisa. Mwishowe nililiona gari lenu jeupe sokoni, nikasimama mbele yake mpaka dereva akakubali kunipeleka kwenu. Ninapendekeza dereva huyo apandishwe cheo, kwa kuwa katika mji huu ndiye pekee anayejua huduma ziko wapi.

2. Kuhusu ziara. Mlinijulisha mapema kwamba mtakuja kutazama hali ya nyumba yangu, na hapo ndipo kosa lenu lilipoanza. Bwana Mkubwa, kwetu mtu akisema anakuja, anapokelewa. Jirani yangu Viviane aliniazima viti vyake vya sofa, kitambaa cha meza cha arusi yake, na televisheni ili chumba kisionekane kitupu. Nilimchinja kuku wangu wa mwisho, naye alikuwa akitaga. Hadassa alivaa viatu vya binti wa Viviane. Mkeka tunaolalia na sufuria iliyotoboka nilivitoa nje, maana mgeni haonyeshwi vitu kama hivyo, na jirani wa upande wa pili, Doudou, akajitolea kunitunzia. Alinitunzia na Dan pia, asije akakodolea macho sahani ya mgeni.

Kijana wenu Samy ana adabu. Alikula, akashiba, akashukuru, akabonyezabonyeza tableti yake. Akiwa mlangoni aliniambia, "Mama, weye uko bien. Siye tunatafuta bale benye kuteseka." Nilifurahi siku nzima kuambiwa niko vizuri, kwa kuwa hakuna mgeni aliyewahi kuisifu nyumba yangu kiasi hicho. Jibu lenu lilipokuja, kwamba nina uwezo na sistahili msaada, ndipo nilipoelewa nimesifiwa nini.

3. Kuhusu mkeka. Kutoka kwangu Samy aliingia kwa Doudou. Doudou ana pikipiki ya kubeba abiria na duka la unga, lakini siku hiyo duka lilifungwa na pikipiki ilikwenda kumsalimia shemeji yake. Alimpokea Samy juu ya mkeka wangu, mbele ya sufuria yangu, akiwa amempakata mjukuu wangu. Dan, ambaye harufu ya kuku ilikuwa ikimfikia pale pale, alilia kwa uchungu wa kweli. Doudou amekubaliwa. Kwa hiyo mkeka wangu ni maskini, sufuria yangu ni maskini, Dan ni mtoto aliye katika hali ngumu, na mwenye mkeka, sufuria na Dan ni tajiri. Naomba nielezwe utajiri unaanzia upande gani wa ukuta.

Naye Viviane, ambaye hakuomba chochote, Samy alipita kumsalimu tu. Akakuta chumba hakina kiti hata kimoja, binti yake yuko pekupeku. Viviane amekubaliwa. Bado anaona haya kuniambia. Hivyo mradi wenu unawasaidia majirani zangu wa pande zote kwa shida zangu, na mimi ninabaki katikati nikipongezwa.

4. Kuhusu Hadassa. Nilipomsomea jibu lenu, aliniuliza mimi bibi yake, "Kambo, kama tuko batajiri, juu ya nini balinifukuza ku masomo?" Mimi, niliyezoea kuwafundisha kina mama wenzangu, nilikwenda jikoni nikalia. Hapakuwa na mtu wa kuyaandika machozi hayo, kwa hiyo najua hayahesabiki.

5. Kuhusu ninachoomba. Naomba mafunzo mafupi ya namna ya kuwa maskini mbele ya mgeni: jinsi ya kulala mkekani mchana, kujibu salamu kwa kuguna, na kumwona mtu amesimama bila kumpa kiti. Kama hamna mwalimu, Doudou anaweza. Kama mafunzo hayawezekani, mniandikishe kwa Doudou kama bibi wa Dan, kwa kuwa nusu ya nyumba yangu imekwisha kupokewa huko. Na kama hilo nalo ni gumu, basi yule kuku aliyehesabiwa kuwa mali yangu aondolewe kwangu na kuandikwa kwa Samy, ambaye ndiye aliye naye.

Kwa upande wangu, nimekata shauri. Mkirudi mtanikuta nilivyo. Hakuna kiti, hakuna sahani, na jiko litakuwa baridi. Mtakaa chini kama tunavyokaa sisi, na mtamwona Hadassa pekupeku. Heshima yangu haitamzuia tena mtoto huyu kwenda shule.

Nisalimie dereva, na mlinzi wa lango aliyenipa maji ya kunywa, na mama anayefagia ofisi. Msalimie Samy, umwambie kwamba Dan bado anamkumbuka. Ninabaki mama yenu, mwenye heshima na, kama mlivyoandika, mwenye uwezo.

Gertrude

N.B. Samy amepiga simu sasa hivi. Anasema mtarudi Alhamisi, na kwamba safari hii wewe mwenyewe, Bwana Mkubwa, utakuja. Mkubwa kuingia nyumbani kwangu! Tafadhali nijulishe mtakuwa wangapi, ili Viviane ajue tunahitaji viti vingapi, na kama unapenda samaki wa ziwa Tshangalele wa kukaanga au wa mchuzi. Doudou amekwisha kuja kuchukua mkeka. Hadassa ndiye aliyesema mkubwa hawezi kupewa maji matupu. Ameondoka na wenzake kwenda Kamatanda kuosha mawe, ili tupate samaki na vinywaji vya baridi. Nilitaka kumkataza. Kisha nikakufikiria umekaa pale na glasi ya maji mkononi, nikamwacha aende. Karibuni sana.