Wajumbe Wote Wako Nje

Jumatatu, 3 Machi

Bahasha ya khaki kutoka Bodi ya Sanaa na Utamaduni ya Jiji. Nimeipokea kwa mikono miwili kama kitoto kichanga. Miezi miwili sasa ni mjumbe, mwakilishi wa mafundi cherehani, na bado kila bahasha inanitoa jasho. Mimi niliyeishia darasa la saba! Mola hamtupi mja wake.

Kikao ni Jumatano ya wiki ijayo. Ajenda ya nne: Ukumbi wa Zamani apewe nani. Umefungwa miaka mitatu kwa sababu ya paa, sasa paa limepona. Waombaji wawili. Wa kwanza ni kikundi chetu cha maigizo, chini ya Mzee Pazia. Tunamwita hivyo kwa kuwa amevuta pazia lile tangu ujana wake, hata mkono wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto. Wa pili ni chama cha wachoraji, chini ya Dada Rangi. Binti mwenye adabu zake, sina neno naye. Ila barua yake inataka jukwaa livunjwe ili picha zipate nafasi.

Jukwaa livunjwe! Nimeisoma mara tatu. Nimeunguza kola ya mteja.

Wapiga kura tuko sita. Mimi. Kinyozi, mtu wangu. Mama Vitabu, mwenye duka la vitabu, mtu wangu akishakunywa chai. Mwenyekiti wetu, mkunga mstaafu, huyo hatabiriki. Upande wa pili yuko Mwalimu Nukta, mwalimu mstaafu anayesahihisha hata salamu. Na Seremala, ambaye bila shaka anazimezea mate mbao za jukwaa.

Ee Mola, waona mwenyewe. Hesabu haijakaa vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwomba mlinzi anifungulie ukumbi. Nilimwambia nakwenda kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Si uongo, futi ya kupimia ilikuwa shingoni.

Harufu ileile! Vumbi, poda, nta ya sakafu. Ubao wa tatu kutoka kushoto bado unalia ukiukanyaga. Nyuma ya jukwaa misumari yetu ipo ukutani, kila mmoja na msumari wake wa kutundikia nguo. Wangu ule mdogo karibu na mlango. Nilitundika leso yangu pale, nikaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama picha ya harusi.

Maana harusi yangu ilianzia hapo. Baba Watoto ndiye aliyekuwa mpiga radi. Kazi yake ilikuwa kutikisa bati nyuma ya pazia mvua inaponyesha mchezoni. Usiku mmoja aliitikisa radi mahali pasipokuwa na mvua, katikati ya posa, akasema baadaye kwamba alikuwa ananitazama mimi. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.

Nimerudi nyumbani nikamweleza habari ya jukwaa. Akasema tumwachie Mungu. Nikamjibu ajizi ni nyumba ya njaa. Akasema anazijua ajizi zangu na anazijua juhudi zangu, na afadhali ajizi. Mwanamume huyu!

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Kifungu cha tisa cha kanuni za Bodi: mjumbe mwenye undugu na mwombaji atatoka nje ya chumba wakati shauri likijadiliwa, wala hatapiga kura.

Sasa, mtu aliyeinua mikono apimwe kifua hasemi uongo. Miaka ishirini na tano ya kupima watu, najua nani ni nani wa nani. Binti wa dada yake Mwalimu Nukta ameolewa na kaka yake Dada Rangi. Ukwe! Mke wa Seremala na mama yake Dada Rangi ni watoto wa mtu na mdogo wake, ndiyo maana Dada Rangi anamwita Seremala baba mdogo. Undugu!

Wote wawili nje. Tunabaki wanne, na akidi ni wanne. Kinyozi, Mama Vitabu na mimi, tatu kwa moja hata Mwenyekiti akigeuka. Kama kitambaa kilichotosha bila kubaki hata kipande.

Nimemwandikia karani wa Bodi barua ya kumfahamisha. Sikutia jina. Nilijiuliza kama ni dhambi, nikaona si dhambi. Ni ukweli usio na sahihi.

Ijumaa, 7 Machi

Karani amepita dukani. Kijana mpole, anatembea kama anaogopa kuamsha mtu. Akanishukuru kwa barua. Nikauliza barua gani, kwa sauti ya mtu asiyejua hata kusoma. Aliigeuza tu.

Nilikuwa nimeandika juu ya karatasi ya kukatia nguo. Nyuma yake, kwa mwandiko wangu: kiuno thelathini na nne, mikono mifupi, zipu ya ubavuni. Vipimo vya mkewe!

Akauliza kwa heshima gauni litakuwa tayari lini. Nikamwambia kesho. Halafu akasema kifungu cha tisa atakisoma kikaoni, kama sheria inavyotaka, kwa wote. Hayo maneno mawili ya mwisho aliyasema polepole. Sikuyajali.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu Nukta ameleta koti lishonwe kifungo. Mtu huyu hajawahi kupoteza kifungo maishani mwake. Kilikuwa kimekatwa kwa wembe, nyuzi zimesimama kama nywele za askari!

Alisalimia vizuri. Akaniambia kibao changu cha dukani kimekosa nukta. Kisha akauliza habari za Baba Watoto, na kama bado anapiga radi. Nikamwambia goti limemkataza. Akasema hata hivyo, mke wa mpiga radi si mtu baki kwenye kikundi. Akauliza tena, eti watoto wa Mzee Pazia wanamwitaje Kinyozi? Nikasema wanamwita mjomba, lakini ni mjomba wa kuitana tu. Akasema kanuni imeandika undugu, haikuandika wa kuitana wala usio wa kuitana. Akavaa koti akaenda zake.

Nilikaa na sindano mkononi bila uzi. Nimempigia magoti Mola. Nimemweleza kwamba nikimtaja Mwalimu nafanya kwa ajili ya sanaa, na yeye akinitaja mimi anafanya kwa ajili ya husuda. Natumaini tofauti inaonekana kutoka huko juu.

Jumatano, 12 Machi

Niandike yote.

Ajenda ya nne ilipofika, karani alisoma kifungu cha tisa. Nikasimama. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha wateja. Nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba Mwalimu ni mkwe wa mwombaji, na Seremala ni baba mdogo wake. Mwalimu hakupinga. Alikusanya karatasi zake, akazinyoosha kingo, akasema yeye anatoka, ila mke wa mpiga radi amtangulie mlangoni kwa kuwa wanawake hutangulia. Na Kinyozi, mjomba wa watoto sita, afuate.

Nikamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama karani. Karani akatazama kitabu. Tukatoka.

Nikajipa moyo kwamba Mama Vitabu yuko ndani. Hazikupita dakika mbili, mlango ukafunguliwa. Ni yeye! Anasema dhamira imemsuta, yeye na Mzee Pazia wamenyonya ziwa moja, mama yake alipougua walilelewa pamoja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, mama wee, uliniuliza?

Halafu Mwenyekiti mwenyewe, na mkoba wake. Akasema yeye ndiye aliyempokea Dada Rangi duniani kwa mikono hii, na watoto wote wa Mzee Pazia vilevile, na nyumba zote mbili zinamwita mama. Kama Kinyozi ni ndugu kwa kuitwa mjomba, basi yeye ni nani?

Tulikuwa sita kwenye korido, kwenye benchi la watu wanne. Ndani alibaki karani peke yake na jagi la maji. Nilichungulia kwenye tundu la ufunguo. Alikuwa anaandika: wajumbe wote wako nje.

Bomba la korido lilikuwa linadondoka tone tone. Nikaona nitapasuka, nikamrushia Seremala dongo, kwamba angalau mbao hatazipata. Akanigeukia, macho yamejaa. Akasema mbao gani, mama? Ngazi za jukwaa lile alizitengeneza yeye, kazi yake ya kwanza kabisa, bwana wake aliyemfundisha akiwa bado hai. Alitaka kuwa upande wa wavunjaji ili akivunja, avunje yeye kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, asije akapewa mtu wa nyundo. Tangu apate habari hajala vizuri.

Nilijisikia mdogo kama pini.

Mama Vitabu akasema yeye ndiye aliyekuwa anakaa chini ya jukwaa na taa ya kandili, akiwanong'oneza waliosahau maneno. Kinyozi akasema yeye aliwabandika ndevu wafalme wote, na nywele zilitoka vichwani mwa wateja bila wao kujua. Mwenyekiti akacheka mpaka akashika mbavu, akasema mtoto mmoja alitaka kuzaliwa pale pale kwenye viti vya nyuma, mama yake amekataa kuondoka kabla mchezo haujaisha.

Ndipo Mwalimu Nukta alipofungua kinywa. Alisema hakuwahi kuingia ndani hata siku moja. Mkuu wake wa shule hakutaka mwalimu aonekane kwenye maigizo. Yeye alisimama nje, dirisha la pili, juu ya matofali mawili, michezo yote, miaka sita. Kisha akanigeukia mimi. Akasema, jioni ile ulikuwa mjakazi wa malkia, ulikuwa na sentensi moja tu, na ukaisahau.

Ni kweli. Sijamwambia mtu, hata wewe shajara. Nilisimama pale mbele ya watu mia tatu, ulimi umekuwa jiwe. Mama Vitabu alininong'oneza, sikusikia chochote ila moyo wangu. Nikainama, nikatoka.

Mwalimu akasema yeye aliisema. Kule dirishani, kwa sauti, kwa niaba yangu. Akaisema tena pale kwenye benchi: "Malkia, mlangoni pana mgeni, na ameloa." Bila kosa. Hata nukta aliiweka.

Nani alianza kuimba sijui. Wimbo wa kufungulia pazia. Sauti zetu zimezeeka, Seremala amekuwa besi. Tulifika ubeti wa pili tunapiga na makofi. Karani akatoa kichwa mlangoni akatuomba radhi, akasema tupunguze sauti, kikao kinaendelea.

Alhamisi, 13 Machi

Msiba! Akidi haikutimia, na kanuni inasema asipopatikana mshindi wa kura, ukumbi unabaki kwa jiji kama stoo. Asubuhi mikokoteni imepita mbele ya duka langu. Viti vya plastiki, mia nne, vimepangwa hadi jukwaani. Nilikimbia kutazama. Vimefunika hata ukuta wa misumari. Leso yangu niliisahau kule.

Mzee Pazia amekuja, amekaa kwenye kiti cha wateja, mkono wake ule mnene umelala magotini kama mtu mgonjwa. Hakulalamika. Aliuliza tu ni nani aliyeanza habari za undugu, maana miaka yote watu waliishi vizuri bila kuulizana. Nikamwambia dunia ina mambo. Nikamkatia kipande cha kitambaa cha bure, akashangaa.

Baba Watoto hakunisema. Alinitilia chai yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimetubu, nimelia, nimeapa mbele ya Mola kwamba hila basi.

Jumatatu, 17 Machi

Mola ni mwingi wa rehema! Karani ameleta bahasha. Mwenyekiti ameitisha kikao maalumu mwezi ujao, tuupigie ukumbi kura upya, na kifungu cha tisa kimelegezwa. Watatoka tu ndugu wa tumbo moja na mume au mke wa aliyetia sahihi ombi. Hakuna hata mmoja wetu!

Na kuna kubwa zaidi. Tangu asubuhi wamekuja dukani mmoja mmoja. Seremala, Kinyozi, Mama Vitabu, hata Mwenyekiti. Kila mmoja ameniambia kura yake ni ya jukwaa. Mwisho Mwalimu Nukta. Akasema atapiga kura akiwa ndani, ameketi, kwa mara ya kwanza.

Sita kwa sifuri!

Nikamweleza Baba Watoto. Akanishika mabega. Akasema, mke wangu, safari hii nenda, keti, inua mkono, urudi nyumbani. Usifanye kitu. Nikamwahidi.

Ni mtu mwema sana, lakini mambo ya Bodi hayajui. Sita kwa sifuri! Watu watasema tumepanga. Dada Rangi atakata rufaa, na atakuwa na haki. Ushindi ukikosa mpinzani hauna heshima. Kwa hiyo nimempitia Seremala, nikamwomba kwa hisani yake anyooshe mkono kupinga, kwa ajili ya sura tu. Karibu alie, lakini amekubali.

Halafu nikafikiri. Mpinzani mmoja ndiye hasa anayeonekana wa kupangwa. Nimempitia na Kinyozi. Amekubali pia, baada ya kuniuliza mara tatu kama nimelala vizuri.

Kwa Mwalimu Nukta nilitupwa nje, na neno aliloniita sitaliandika. Basi wa tatu nitakuwa mimi mwenyewe. Nani duniani atamshuku mjumbe anayepinga kikundi cha mumewe?

Tatu kwa tatu. Imekaa sawasawa, kama mabega ya koti. Nimemshukuru Mola kwa akili aliyonipa.