Taa Haiwaki, Naota

Jumatatu, 3 Juni
Leo tena! Nililala kidogo baada ya chakula cha mchana, baba mkwe akaja. Mwaka mzima yuko kaburini, lakini ndotoni kwangu hakosi. Anakaa kwenye kiti changu na kofia yake ya kahawia, ananiambia: "Weye mukwe, hata mbuzi yangu inakupita akili." Nataka kumjibu, mdomo unajaa bugali! Naamka nimekunja ngumi.

Jambo lenyewe ni ng'ombe. Mahari nilitoa yote, miaka minane sasa. Desturi ya kwao, ng'ombe wa mahari akizaa, mkwe hurudishiwa mmoja. Achille, mwanyumba wangu, aliyeoa mdogo wa mke wangu Laurence, alipewa wake. Mimi muzee alinifia kimya. Sasa kila Jumapili Achille anatoka mtaa wa Himbi kutuletea maziwa, na kuniuliza kwa upole kama hayanisumbui tumbo. Mnafiki!

Jumanne, 4 Juni
Dawa imepatikana. Damascène, kinyozi wa hapa mtaani Majengo, anajua hipnosi. Amejifunza kwenye simu, kwa Kifaransa. Eti atanilaza kwa maneno na kunitia amri kichwani, ili nikiota nijue kwamba naota. Na anayejua kwamba anaota hufanya apendalo. Hujibu watu. Hata huruka hewani.

Alama ni swichi. Ndotoni, anasema, ukibonyeza swichi taa haiwaki. Akaniwekea mashine ya kunyolea karibu na sikio, ikinguruma, akanikaririsha mara hamsini: "Taa haiwaki, naota." Nimetoka mwepesi moyoni. Pia nimetoka na upara upande mmoja, alijisahau.

Jumatano, 5 Juni
Laurence ameuliza kama nimeajiriwa na watu wa umeme, maana nabonyeza swichi tangu asubuhi. Nyumba hii haina sayansi. Nililala mara tatu, muzee hakuja. Mwoga!

Alhamisi, 6 Juni
Saa nane mchana. Laurence alikuwa soko la Kituku kununua sambaza, visamaki vya ziwani. Nafumbua macho mkekani, muzee yuko kwenye kiti changu! Kofia ileile. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena. Taa haiwaki!

Nikacheka. Nikamwambia yote. Kwamba ni bahili, kwamba amekufa na harufu ameleta, kwamba arudi kaburini aniachie kiti. Alijaribu kusema kitu kuhusu ng'ombe, nikamwambia leo bugali iko mdomoni mwake. Nikamvua kofia, nikaivaa. Raha ya miaka minane! Halafu nikapanda mezani ili niruke.

Sikuruka. Nilianguka juu ya kibuyu cha maziwa alichokuja nacho.

Hapo umeme ukarudi. Laurence yuko mlangoni na samaki wake, anapiga magoti, anasema: "Karibu, baba mudogo."

Ni Muzee Nizeyimana, mdogo wa marehemu, kutoka Masisi. Sura moja! Nilimwona mara moja tu, kwenye mazishi. Kofia amerithi. Alikuja kutimiza wosia wa kaka yake: ng'ombe wangu amefika Goma, yuko tayari.

Ijumaa, 7 Juni
Muzee alilala kwa Achille. Ng'ombe naye. Ameachiwa Achille, moja kwa moja. Mkwe mwenye akili timamu, eti.

Laurence amelia usiku kucha. Anasema hakutaka maziwa. Alitaka siku moja tu akae na dada zake bila kuinamisha kichwa, na mimi nimeikanyaga hiyo siku. Nimeona aibu. Kidogo. Kisha hasira ikarudi, kwa sababu nani anavaa kofia ya maiti bila kutoa taarifa?

Jumamosi, 8 Juni
Sasa ndotoni wanakuja wawili! Mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye ndoo, wanapokezana kunitukana.

Nikaenda kumkaba Damascène. Ameomba radhi. Kosa ni la swichi, anasema, simu haikujua umeme wa Goma. Amenilaza upya, kwa alama ya uhakika: bomba. Ndotoni, ukifungua bomba, maji hayatoki. Mara mia safari hii. Na upande wa pili wa kichwa amenyoa bure.

Jumapili, 9 Juni
Nimefungua bomba. Kavu! Hata tone hakuna! Maji hayatoki, naota.

Na namwona Achille dirishani, anaingia uani na maziwa ya ng'ombe wangu, anatabasamu. Sidanganyiki tena. Naweka kalamu, nachukua mwiko.