Babu Anasubiri

Jumatatu, 9 Juni

Hili sijamwambia mtu. Mama hajui. Hata kioo cha bafuni hakijui. Babu haumwi. Ni mimi ambaye simsemeshi.

Ngoja nianze vizuri. Babu ni roboti wetu wa mbio. Miguu sita, na magoti yanayolia kama mlango mbovu, ndiyo maana tukamwita Babu. Tunamwendesha watatu. Kila mmoja anakaa kwenye kibanda chake cha vioo kando ya njia. Hatusikiani, tunaonana tu. Kila mmoja anamwambia Babu kwa maiki: kulia, kushoto, mbele, simama. Babu anafuata lile lililosemwa na wawili. Ndivyo mbio za shule zilivyo siku hizi. Hakuna dereva mmoja, kuna kura. Wawili wakipishana, wa tatu anaamua.

Wa tatu ni mimi.

Na tangu timu iundwe sijawahi kuwasha maiki yangu. Kile kiplastiki ilichokuja nacho kutoka kiwandani bado kimeganda juu ya kitufe. Mimi huchezesha midomo tu. Nachezesha vizuri, sijisifu. Wenzangu wakinitazama kupitia kioo wanaona mtu anayefanya kazi.

Shida ni kwamba wenzangu hawakubaliani hata kama leo ni Jumatatu. Kuna Kapteni, mrefu, cheo alijipa mwenyewe. Kuna Sindano, msichana mwembamba ambaye maneno yake yakikuingia hayatoki. Huyu akisema kulia, yule kushoto. Babu anasimama katikati ya njia, anageuza kichwa polepole, anasema kwa sauti ya upole: “Nasubiri.”

Wote wanadhani ni ugonjwa. Ni mimi tu ninayejua anamsubiri nani.

Mtaniuliza, kwa nini usiseme tu? Hamnijui. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na nimenyamaza kwa zote mbili. Lifti ya jengo letu husalimia watu. Mimi hupanda ngazi ili nisilazimike kuitikia.

Leo Mwalimu wa karakana ametoa uamuzi. Alichomoa bisibisi yake nyuma ya sikio, na akifanya hivyo jua hatanii. Alisema amekagua magoti, betri, macho, vyote vizima. Kilichobaki ni akili. Babu akigoma tena Jumamosi kwenye mashindano, Jumapili anafutwa akili yote, anaanza upya kama mtoto. Sindano akauliza kama hata sisi atatusahau. Mwalimu akasema hata sisi.

Mimi nikawa kimya kuliko wote, kama kawaida.

Jumanne, 10 Juni

Sijalala vizuri. Niliota ninafutwa akili mimi, na hakuna aliyegundua tofauti.

Baada ya masomo nilibaki na Babu peke yangu. Huwa anakunja miguu ya mbele ili Sindano, kwa ufupi wake, amfute uso. Hakuna aliyemfundisha, alijionea mwenyewe kwamba hafikiwi. Leo akanikunjia na mimi. Nikamfuta. Nikafungua mdomo nimwambie samahani. Ikatoka pumzi tu. Akageuza kichwa, akasema anasubiri.

Nikatoka mbio.

Lakini nimepata mpango! Na ni mpango safi! Sauti inanishinda mbele ya watu, haijanishinda chini ya blanketi. Nitajirekodi humuhumu chumbani, maneno manne, kila moja kwenye kitufe chake. Kesho nachomoa waya wa maiki, nachomeka kinasa sauti mahali pake, nachezesha midomo, nabonyeza. Babu atapona ghafla na hakuna atakayeulizwa kitu.

Nimerekodi. Nimetoka jasho kama niko jikoni, maana blanketi ni zito. Mama alipita mlangoni akauliza ninapigana na nani. Nikasema ni kazi ya shule. Akasema siku hizi shule zina mambo.

Jumatano, 11 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Ilianza vizuri mno. Kapteni akasema kulia, Sindano kushoto, mimi nikabonyeza. Babu akasema “Nimesikia,” akakata kulia bila hata kusita. Mwalimu akainuka kitini. Moyo wangu ukaimba.

Kona ya pili kidole kiliteleza. Nikabonyeza kitufe cha chini, kile ambacho jana, bila kujua, nilikiacha kikiendelea kunasa sauti baada ya kumaliza kurekodi.

Sasa, Babu akipewa amri asiyoielewa huirudia kwa sauti ili karakana yote isikie. Akasimama. Akasema: “Amri haijulikani. Vyombo vinakungoja jikoni.”

Watu wakatazamana. Babu akaendelea, kwa upole uleule: “Amri haijulikani. Usinifanye nije huko.”

Kapteni alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye kioo cha kibanda chake. Sindano hakucheka. Alitoka akamshika Babu shingoni kama mtu anayemshika mgonjwa aliyeanza kuweweseka. Mwalimu akasema mambo ni mabaya kuliko alivyofikiri, masikio ya roboti yameanza kudaka sauti kutoka majumba ya watu. Akasema alikuwa na matumaini kidogo, sasa hata hayo hana.

Kwa hiyo kabla ya mpango wangu Babu alikuwa mgonjwa. Baada ya mpango wangu ni mwehu. Na mimi nimerudisha waya wa maiki mahali pake na kukaa kimya.

Nyumbani nimeosha vyombo vyote bila kuitwa. Mama akanipima joto kwa kiganja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimewaza upya. Kosa langu lilikuwa kujitia mimi ndani ya mpango. Mimi nikae pembeni! Kapteni na Sindano wakikubaliana, kura zinakuwa mbili, na ya tatu haina kazi. Sihitaji sauti. Nahitaji amani kati yao.

Kunong’oneza naweza, kwa mtu mmoja mmoja, akiwa amegeuka. Asubuhi nikamnong’oneza Sindano kwamba Kapteni anamsifu kwa siri, eti anasema jicho lake la njia halina mfano. Mchana nikamnong’oneza Kapteni kwamba Sindano anasema bila yeye timu ingeshakufa. Kapteni akanyoosha kola. Akaniuliza kama alisema hivyo kweli, kwa maneno hayohayo. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, maneno hayohayo.

Mazoezini wakawa watu wengine. Tafadhali, asante, pita wewe, hapana, tangulia wewe. Walikwama mlangoni kwa kupishana. Mimi nikakaa kibandani mwangu nimejaa fahari.

Babu akafika kwenye njia panda. “Nasubiri.”

Kwa nini? Kwa sababu Kapteni, aliyezoea kulia, alisema kushoto ili kumfurahisha Sindano. Na Sindano, aliyezoea kushoto, alisema kulia ili kumfurahisha Kapteni. Kona zote. Walipishana kwa heshima kuliko walivyowahi kupishana kwa ugomvi.

Wakatoka vibandani kuulizana. Sindano akasema alidhani, kwa zile sifa… Kapteni akauliza sifa gani, mwenye kusifu si yeye Sindano? Halafu wakageuka wote wawili, kwa pamoja, wakanitazama.

Nimekuwa nikitaka wakubaliane. Leo wamekubaliana. Kwamba mimi ni mnafiki.

Kapteni hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniumiza. Alisema: “Wewe huongei mwaka mzima, siku ukiongea unatudanganya.”

Nikachukua mkoba wangu nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 13 Juni

Hawanisemeshi. Ninajua inavyokuwa kutosemeshwa, lakini awali aliyeanza kunyamaza alikuwa ni mimi.

Wao lakini! Leo nimewakuta wamepiga magoti sakafuni na chaki, wamechora njia yote ya mashindano, kona kwa kona. Wanagombana kila kona, wanafuta, wanachora, wanaandika walichokubaliana. Njia panda ya mwisho imewala muda mrefu. Mkono wa kushoto kuna mteremko, wa kulia kuna daraja. Kapteni alitaka daraja kwa sababu linapendeza. Sindano alimjibu kwamba roboti mwenyewe hana macho ya urembo. Wakaafikiana mteremko.

Babu alikuwa amesimama nyuma yao ameinamisha kichwa, anafuata chaki inavyokwenda.

Mimi nilisimama mlangoni. Sindano akasema bila kugeuka kwamba kama nina mikono nilete kitambaa cha kufutia. Nikaleta. Nikakaa karibu. Hawakunifukuza.

Mazoezi ya jioni Babu hakusema anasubiri hata mara moja. Kura mbili kila kona. Mimi nikachezesha midomo kwa raha kama mtu anayeimba kwaya.

Nilipaswa kufurahi. Nimefurahi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika mbiombio. Mwandiko huu mnisamehe.

Ukumbi ulijaa. Roboti watano, shule tano. Timu ya pembeni yetu ilikuwa na sare zinazobadilika rangi wanavyopumua. Sisi tulikuwa na fulana za Kapteni, alizoandika mwenyewe kwa kalamu, herufi zikaishiwa nafasi kwenye kwapa.

Babu alikwenda kama mwenye haraka zake. Kona ya kwanza, ya pili, maji, ngazi. Kapteni na Sindano midomo yao ilikuwa inafunguka sawasawa, nilikuwa nawaona kupitia vioo. Tulikuwa wa tatu. Nikaanza kuamini.

Njia panda ya mwisho. Roboti wa wale wenye sare alikuwa mbele yetu, akateleza, akalala chali katikati ya mteremko, miguu juu.

Sasa sikilizeni mkao wetu. Kibanda cha Kapteni kinatazama upande wa kushoto, akamwona yule aliyeanguka. Akasema kulia, kwenye daraja. Kibanda cha Sindano kinatazama upande wa kulia, hakuona kitu. Akasema kushoto, kama walivyoandika kwa chaki. Mimi kibanda changu kiko juu, nyuma ya wote wawili. Naona mteremko na naona daraja. Ndiyo maana yupo wa tatu. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka saa ile.

Babu akasimama. “Nasubiri.”

Ukumbi ukaanza kucheka. Roboti wawili wakatupita juu ya daraja. Kapteni alikuwa anamwonyesha Sindano kwa vidole vyote, Sindano anagonga kioo, anadhani amesalitiwa. Kwenye meza ya walimu, Mwalimu akachomoa bisibisi sikioni.

“Nasubiri,” Babu akasema tena. Halafu akageuza kichwa. Si kwa Kapteni, si kwa Sindano. Akakiinua juu, akanitazama mimi.

Kucha zangu nimezikata fupi, kiplastiki kile kiligoma kubanduka. Nikakibandua kwa meno. Nikabonyeza kitufe.

“Kulia,” nikasema.

Ilitoka kama mlio wa magoti yake. Mbaya, imepasuka katikati. Lakini ilitoka.

“Nimesikia,” Babu akasema, akakata kulia, akapanda daraja.

Tumekuwa wa nne. Wa tano alikuwa bado amelala chali.

Kapteni na Sindano walinirukia tukaanguka wote watatu. Kapteni akasema ile ilikuwa sauti yangu, kaiona kabisa midomo na safari hii Babu kaitikia, kumbe ninayo, nilikuwa naificha wapi? Hapo Mwalimu akatufikia. Akaichukua maiki yangu, akaigeuza, akaniangalia machoni. Akaniuliza taratibu: “Mwanangu, hii siku zote ilikuwa inafanya kazi?”

Hapo ndipo ningesema. Watu watatu tu, wote wananipenda kwa dakika ile. Kiplastiki kilikuwa bado mdomoni mwangu.

Nikakimeza.

Nikasema, “Ilikuwa mbovu.”

Neno langu la pili hadharani katika maisha yangu. Uongo.

Mwalimu akafikiri, akacheka, akasema basi Babu hana ugonjwa wowote, mgonjwa ni maiki. Hafutwi! Akaitupa kwenye boksi la vyuma chakavu, akarudisha bisibisi sikioni. Sindano akanishika bega akasema pole, kumbe muda wote nilikuwa naongea na hakuna aliyenisikia.

Pole yake imenikaa kooni pamoja na plastiki.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamka mwepesi. Babu ana akili yake. Mimi nina marafiki. Nimefikiria sana nilichojifunza wiki hii na nimeridhika: mambo hujipanga yenyewe.

Tatizo moja dogo. Mkuu wa shule amesikia. Kesho asubuhi anataka nipande jukwaani, mbele ya shule nzima, nieleze jinsi timu ilivyojifunza kufanya kazi pamoja. Dakika tano! Mimi!

Lakini nimepata mpango. Na ni mpango safi! Nimeingia chini ya blanketi, nimerekodi hotuba yote, na imetoka vizuri, ina hata pahali pa kuchekesha. Kesho nabonyeza kitufe, nachezesha midomo. Safari hii nimekuwa makini. Nimemwomba mama asiniite kabisa mpaka nimalize.

Ameniita sasa hivi. Na kinasa sauti sijakizima.

Anasema nina wageni. Kijana mrefu na binti mwembamba, wamesalimiana na lifti vizuri. Wameniletea zawadi ya ukumbusho: ile maiki yangu, wameiokota kwenye boksi la vyuma chakavu. Anasema ajabu ni kwamba wameijaribu kwa Babu asubuhi, na inafanya kazi bila tatizo lolote. Wanataka kuniuliza kitu.

Nyayo kwenye korido. Watu wawili, lakini hatua zinapiga sawasawa kama za mtu mmoja.

Shajara inaingia ndani ya foronya. Wakiniuliza chochote nitachezesha midomo tu, halafu nita…