Hakuna Shikamoo, Hakuna Chapati

Jumanne, 7 Oktoba

Mama kapiga simu kutoka Bukoba. Jumapili anataka kuongea na mjukuu wake Olive, wao wawili tu, bila mkalimani. Balaa! Mimi nimekuwa nikimwambia mtoto anamwaga Kiswahili kama maji. Ukweli ni kwamba Domina, mke wangu, humsemesha Kiswahili kutwa, na Olive humjibu kwa Kiswidi. Mama akigundua, nimekwisha.

Jirani yetu hapa Bredäng, Bwana Zhou, hana shida hizo. Mwanawe anaongea lahaja ya kwao Qingtian, wala si Kichina cha kwenye televisheni. Roho inaniuma. Nitamchunguza.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejialika kwa Zhou chakula cha jioni. Siri nimeipata! Kabla ya kushika vijiti, mtoto wao huwaita wakubwa wote mezani, babu, bibi, baba, mama, na kumkaribisha kila mmoja chakula kwa kilugha. Asipowaita, hali. Zhou akaanza kunitafsiria maneno ya mama yake, eti bibi na mjukuu hushinda jikoni wakipiga soga. Sikumsikiliza sana. Mambo ya wanawake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sheria mpya: hakuna shikamoo, hakuna chapati. Tatizo, wakubwa hapa ni mimi na Domina tu. Mazoezi hayatoshi. Nikawaalika wazee wote wa chama chetu cha Watanzania. Mzee Jonas katoka Hallunda na mashemeji zake. Olive kazunguka meza: shikamoo, shikamoo, shikamoo. Wazee wakaitikia marahaba na kumaliza chapati zote. Mimi nimelalia mkate mkavu. Domina kasema mtoto anahitaji mtu wa kuongea naye, si watu wa kuwaamkia. Wivu huo.

Jumapili, 12 Oktoba

Simu ya video. Olive kamtazama bibi yake, kisha kaitazama meza. Hakuna chapati. Hakuna shikamoo. Mama kaita jina lake mara ya pili, machozi yakamlengalenga. Nilijisikia vibaya kweli. Nikakimbilia kwa Zhou kuomba msaada. Hawakuwepo.

Kurudi, namkuta Domina kaiegemeza simu jikoni na kumwachia Olive ndizi za kumenya. Mama anaelekeza kutoka Bukoba, na mjukuu analalamika: "Bibi, mikono yangu inanata." Kwa Kiswahili! Mama kamwambia apake mafuta, kisha akamsimulia jinsi mimi nilivyokuwa nikitoroka kazi hiyo. Wakacheka muda mrefu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Kwa hiyo mbinu yangu imefaulu. Kesho nitamweleza Zhou anapokosea. Nimemkalisha pia Olive na kumfafanulia kwa kirefu kwamba kuanzia leo, humu ndani ni Kiswahili tu. Nilimweleza kwa Kiswidi, ili aelewe vizuri.