Ombi la Kidonge Kubaki Nyumbani Sisi Tukienda Likizo

Kwako Daktari wa mwanangu,
Chumba chenye pazia la kijani na kiti kinacholia ukikikalia.

Mpendwa Daktari,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Natumaini ile shingo uliyokuwa ukiikandakanda tulipokuja imepoa. Mimi ni yule mama dobi, mama yake Cheche, binti mrefu wa miaka kumi na sita ambaye siku ya kwanza alikizungusha kiti chako mpaka skrubu ikachomoka. Najua unanikumbuka. Watu wengi hunikumbuka.

Shule sikufika mbali, lakini barua naijua. Jengo letu zima likitaka kumwandikia mwenye nyumba kuhusu bomba, kalamu inaletwa kwangu. Kwa hiyo usishangae kuona nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba, kama ninavyopanga nguo za wateja, kila shati na namba yake.

Kwanza nikushukuru, nisije nikaonekana sina adabu. Kidonge chako cha asubuhi kimefanya kazi. Mwalimu wake wa hisabati, aliyekuwa akiniandikia kwa wino mwekundu mpaka nikadhani ndiyo kalamu pekee aliyojaliwa, muhula huu ameandika kwa wino wa bluu: "Anatulia, anamaliza." Karatasi hiyo nimeibandika dukani, juu ya meza ya pasi. Mteja akija kuchukua suruali, anasoma kwanza, ndipo anapewa suruali.

Sasa shule zimefungwa, na wiki ijayo tunakwenda kukaa kwa dada yangu mkubwa siku kumi na nne. Ulituambia kwamba likizo kuna familia zinazoendelea na dawa na kuna zinazoipumzisha, kwamba Jumamosi moja tunaweza kujaribu bila dawa tukaona, na kwamba tukuletee jibu kabla ya safari. Hapo nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini wewe ukamgeukia Cheche ukamwuliza, "Wewe mwenyewe unaonaje?"

Daktari, mtoto huyu nimemjibia tangu hajaota meno. Yeye akasema, "Nitafikiri." Basi mdomo wangu nikaufunga, jibu langu limo ndani, na limenikaa kooni wiki nzima. Jibu lenyewe ni hili: likizo asimeze. Sababu zangu nazitaja hapa chini, nawe ni mtu wa haki.

1. Chakula. Mimi nikipika, wapangaji wa juu hushuka ngazi kuja kuniuliza saa ngapi, na saa wanayo. Lakini mwanangu mchana anaitazama sahani kama anatazama fomu ya serikali. Anakula vijiko vitatu, anasema ameshiba, anasema asante. Hiyo asante ndiyo inayoniua. Zamani alikuwa anakula amesimama, mguu mmoja uko nje, na hakuna aliyemsikia akisema asante, lakini sufuria ilikuwa inabaki nyeupe. Jioni dawa ikiisha nguvu ndipo anakula kama fundi mwashi. Najua mizani yako imesema amepungua kilo mbili. Mimi sikuhitaji mizani. Sketi zake nazifua mwenyewe.

2. Hadithi zangu. Katika ukoo wetu mimi ndiye msimuliaji, uliza yeyote. Ile ya siku nilipopeleka gauni la bibi harusi kwa miguu, nikakutana na mbwa wanne wakubwa kama ndama, nikawatazama mpaka wakaona haya, watu wameisikia mara ngapi na bado wanaiomba. Cheche hakuwahi kuisikia mpaka mwisho. Nikifika kwenye mbwa, yeye ameshafika dirishani. Sasa anakaa, anashika tama, anasikiliza. Juzi mbele ya wageni akasema kwa upole kabisa, "Mama, mwaka jana walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amefungwa." Wageni wakavunjika mbavu. Daktari, nimebeba mtoto miezi tisa ili aje kunihesabia mbwa?

3. Kazi. Likizo huwa ananisaidia dukani. Zamani alikuwa anaanika nusu ya nguo, anaimba, anamkimbilia mteja barabarani kumwambia viatu vyake ni vizuri, anarudi amesahau nusu ya pili. Wateja walikuwa wanampenda, na soksi zilikuwa zinapotea kwa furaha. Wiki hii amefungua lile kapu la nguo zisizo na mwenyewe, akalipanga lote, akaandika orodha. Katika orodha akaandika kwamba shati moja la mistari la yule mwalimu wa hisabati, lililopotea miaka miwili iliyopita, halimo kapuni. Kisha akanyanyua macho. Baba yake alikuwa anapita kwenda kwenye kikao chake cha kila jioni. Ndiyo, Daktari. Ndani ya shati.

Sitaki kueleza lilifikaje mgongoni kwake. Nguo ikikaa muda mrefu inazoea nyumba. Lakini Cheche alilifua, akalipiga pasi, akampelekea mwenyewe pamoja na maneno ya kuomba radhi. Mume wangu sasa anakwenda kikaoni na fulana, na mimi ndiye ninayenuniwa.

4. Kimya. Hili naliandika taratibu. Nyumba yetu ni vyumba viwili na ukumbi ambao ukinyoosha mkono unagusa kuta zote, na miaka kumi na sita haikuwahi kutulia. Mlango ulikuwa unapigwa, kijiko kinaanguka, mtu anacheka chooni peke yake. Nilikuwa napiga kelele kwamba nitapasuka kichwa. Sasa mchana nasikia friji. Nasikia hata saa ya jirani. Cheche amekaa mezani na kile kiredio cha marehemu babu yake anachokitengeneza, kichwa chini, skrubu zote kwenye kifuniko cha chupa, na mimi nasimama mlangoni namtazama. Nimepata mtoto aliyetulia, na namtafuta aliyekuwa anarukaruka. Siku nyingine namwita jina lake bila sababu, nione tu kama atakuja mbio. Anakuja anatembea.

5. Dada yangu. Hapa ndipo penye kiini, Daktari, kwa hiyo kaa vizuri. Dada yangu ana makochi ya ngozi, ana mkwe mhandisi, na kwenye simu haachi kunikumbusha. Na mimi si mtu wa kunyamaza. Katika mazungumzo ya miaka mitatu nimemwambia kwamba duka letu lina mashine sita za kufulia. Zinazoonekana kwa macho ni mbili, na moja haianzi mpaka upige teke la ubavuni. Nilitia chumvi kidogo, mashine moja moja, kila alipotaja kochi.

Sasa fikiria tumekaa kwenye hayo makochi. Naanza kueleza habari za duka. Cheche wa zamani angekuwa uani anamfundisha kuku kupanda ngazi. Cheche wa kidonge atakuwa amekaa pembeni yangu, mgongo umenyooka, anasikiliza mpaka mwisho. Nitaokokaje?

6. Kwa hiyo utaona kwamba anayehitaji kupumzishwa dawa ni mimi. Yeye ndiye anayemeza, lakini ninayejichunga ni mimi. Nimeacha kula sukari kwa kujificha kwa sababu anaona usawa wa kopo. Nimeacha kumwambia mteja "nguo yako iko kwenye pasi" wakati haijaloweshwa, kwa sababu mtu ananyanyua macho. Baba yake hivi sasa anarudi nyumbani saa anayosema atarudi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ndoa hii na ambalo hatukujiandaa nalo. Dawa moja, kinywa kimoja, na watu watatu tumenyooka. Kama hospitali ilikusudia hivyo, ingetuambia tangu mwanzo tuje wote tupimwe uzito.

Kwa hayo naomba, kwa unyenyekevu, uandike kwa mkono wako, na mhuri uwepo, kwamba likizo hii kidonge kibaki nyumbani. Na kama sheria zako hazikuruhusu, basi kuwe na kidonge kinachofanya kazi shuleni tu, ambacho njia ya nyumbani hakiijui. Wenye elimu kama nyinyi hamshindwi na kitu.

Kesho ni Jumamosi na tutajaribu bila dawa, kama ulivyoruhusu. Barua hii nitampa Cheche mwenyewe akuletee, imefungwa vizuri, ili ujue kwamba sina ninalomficha mwanangu isipokuwa yaliyomo ndani.

Nisalimie yule muuguzi mwenye sauti nzito anayemwita kila mtu "shujaa", hata mimi aliniita nikakubali. Nisalimie mlinzi wa getini, mwambie koti lake liko tayari (kweli liko tayari). Msalimie na mama yako, ambaye simjui, lakini aliyekulea amefanya kazi.

Wako anayekuheshimu na kukulalamikia kwa pamoja,
Mama Cheche, dobi, mwenye mashine za kutosha.

N.B. Daktari, leo ni Jumatatu na barua unayoisoma ni ya pili. Ya kwanza ilifuliwa.

Jumamosi hakumeza. Nisiseme uongo, asubuhi moyo wangu ulicheza. Alikula sahani mbili, akaimba, akavunja ndoo, akaja mbio nilipomwita. Nikampa barua. Aliondoka nayo kwenye mfuko wa aproni, akakutana na paka mlangoni, akarudi kumtafutia paka maziwa, akavua aproni, na aproni ikaingia kwenye mashine pamoja na mashuka ya watu. Nilipomwuliza kama ameipeleka, akasema ndiyo, na aliamini kabisa.

Mchana dada yangu akapiga simu kuuliza tutafika saa ngapi. Cheche akaidaka kwa mkono wenye povu. Dada akamwuliza, kwa utani tu, hizo mashine sita mnamwachia nani? Hakusubiri hata swali liishe. "Mama mkubwa, ziko mbili, moja tunaipiga teke!" Akaongeza na habari za shati, ambazo hakuna aliyemwuliza.

Dada alicheka mpaka akakohoa. Akasema alijua zamani, maana mtu mwenye mashine sita hapokei simu mwenyewe.

Jioni nilimkuta Cheche ngazini, shingo ameiinamisha. Akaniambia, "Mama, nilijua nisiseme. Lilitoka kabla sijalishika." Nilikuwa na maneno makali nimeyapanga kwa namba. Nikakaa naye. Ngazi ilikuwa ya baridi na hatukujali.

Jumapili alimeza mwenyewe, bila kuambiwa. Akavitoa vipande vya barua kwenye mfuko, akavitandaza juu ya meza ya pasi, akaviunganisha kimoja kimoja mchana kutwa, na akaisoma yote. Yote, Daktari. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mashuka. Alipomaliza alirudi kwenye namba nne, akaisoma tena, kisha akainuka akaja mbio mpaka nilipokuwa, mbio zile zile za zamani, akanikumbatia na mashuka yangu. Kumbe mbio bado anazo, na siku hizi anachagua mwenyewe aelekee wapi.

Akasema, "Likizo nitameza, mama. Si kwa ajili ya shule. Nataka neno likitoka liwe nimelitoa mimi. Ukitaka mashine sita nitakaa nazo hapa," akagusa kifua, "ila nikiwa nimemeza." Akasema pia atakula kwanza asubuhi, ashibe, ndipo ameze, na atakuuliza mwenyewe habari za zile kilo mbili. Mimi nitakaa kwenye kile kiti kinacholia na sitafungua mdomo. Nitajaribu.

Kwa hiyo usiandike chochote chenye mhuri. Namba moja bado naililia, hizo nyingine zote zifute. Tupe vidonge vya siku kumi na nne.

Maneno haya ninayasema nikiwa napiga pasi, yeye ndiye anayeandika, na barua atakuletea mwenyewe leo saa nne. Kama iko mkononi mwako na imekauka, unajua asubuhi alimeza. Tafadhali umpe na kipande cha mkate. Mbele ya mgeni huenda akala.

Daktari, shikamoo. Nimenakili kila neno kama mama alivyotaka, hata hao mbwa wanne.
Cheche