Benchi Lisilohama

Jumatatu, tarehe 4 Juni 1956

Barua ya Baba imefika kwa lori la Tukuyu. Anakuja Jumamosi. Anakuja na ng'ombe wake mmoja, mtamba mwekundu mwenye mimba ya kwanza. Anasema amezeeka, hawezi tena kumchunga, na atamwacha kwa mwanawe mmoja hapa Mbeya. Atakaa kwangu kwanza, halafu kwa mdogo wangu Isakwisa, kisha ataamua.

Hakuandika ataamua kwa kipimo gani. Hakuna haja. Baba akifika kwa mtu hutazama uwanja kwanza, watu baadaye.

Nimemwambia mke wangu Marta ahesabu mtamba ni wetu. Binti yetu Damari ametoka kuugua, miguu imekuwa myembamba mpaka naona uchungu kuitazama. Daktari kasema maziwa. Isakwisa hana mtoto. Hana hata kiti cha nje! Mgeni wake hukalia kinu kilichopinduliwa. Ushindani uko wapi?

Jumanne, tarehe 5 Juni

Nimetumwa nyumbani kwa Bwana mkubwa wa idara yetu ya barabara kupeleka kitabu cha stoo. Nikautazama uwanja wake vizuri. Benchi la kijani. Mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia. Chuma cha kukwangulia tope mlangoni. Bakuli la maji juu ya nguzo, la ndege kuogea. Nikapima yote kwa hatua mpaka mbwa aliposimama.

Jioni nimemwagiza Zubery, seremala jirani yangu, benchi la mninga wa Chunya. Mengine nitatengeneza mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 7 Juni

Benchi limekuja. Zuri! Nimelipaka rangi ya kijani na kuliweka katikati ya uwanja, likitazama jiko. Upande huo ndiko nilikoweka mawe meupe, maua kwenye madebe na bakuli la ndege. Nikachimbia miguu yote minne na kuimwagia saruji. Kazini kulikuwa na mfuko uliopasuka, Bwana akasema nichukue.

Zubery aliguna. Alisema benchi limepewa miguu ili lihame. Nilimjibu kwamba Isakwisa aliazima panga langu mwaka 1953 na hajalirudisha mpaka leo. Benchi hili hataliazima.

Marta akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Damari, mzee akikaa hapo, mimi nitatokaje?"

Kwetu Rungwe mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hata njia moja hawapiti. Na jiko letu lina mlango mmoja. Lakini nimemwambia Marta kwamba sisi ni Wakristo, tumesoma, mambo hayo ni ya zamani. Akanikumbusha kwamba Baba ni mzee wa kanisa, na bado siku ya harusi yetu alikaa nyuma ya nguzo mpaka mwisho wa ibada.

Wanawake hukumbuka mambo madogo.

Ijumaa, tarehe 8 Juni

Saruji imekauka. Tumelivuta benchi mimi na Zubery kwa nguvu zetu zote. Halitikisiki. Nimelala usingizi mzuri mchana.

Kuku watatu wameoga kwenye bakuli la ndege. Jirani wa nyuma kaja kuuliza kwa nini nawanywesha maji ndege wanaomaliza ulezi wake. Hajaona mambo.

Jumamosi, tarehe 9 Juni

Baba kafika na mtamba. Mtamba wa maana, ngozi inang'aa. Tumemfunga pembeni ya uwanja.

Baba aliutazama uwanja kwanza. Nikamketisha kwenye benchi. Hapo hapo Marta akakohoa jikoni, na Baba akageuza shingo kushoto, akatazama barabarani. Akabaki hivyo mpaka jua likazama. Mara mbili alitaka kusimama. Mara mbili nikamrudisha, nikamwambia apumzike.

Mwishoni alilipigapiga kwa kiganja, akasema, "Benchi hili limeshika sana chini, mwanangu."

Tangu nizaliwe Baba hajawahi kunisifu hivyo.

Marta na Damari wamelala jikoni. Kuna moshi, lakini kuna joto.

Jumapili, tarehe 10 Juni

Tumerudi kutoka kanisani, Baba akawahi uwanjani, Marta akawahi jikoni. Kazi zote za kuvuka uwanja zimeniangukia mimi. Nimebeba ugali, nimebeba kuni, nimekwenda bombani na ndoo kichwani. Wanawake wa bombani waliuliza kama Marta amejifungua. Nilisema hapana. Wakacheka zaidi.

Baba kauliza kwa upole kama benchi linaweza kutazama barabarani. Nimemweleza kwamba maua yako huku.

Jumatatu, tarehe 11 Juni

Nimepata dawa. Wigo wa matete, kutoka mlango wa jiko mpaka mlango wa nyumba! Marta atapita nyuma yake, Baba atakaa mbele, kila mtu na heshima yake. Nimeomba ruhusa kazini, nimeujenga kabla ya saa nane.

Matete yamekuwa mafupi kidogo. Yanafika begani. Marta amepita ameinama kama mtu anayewinda panya, na sufuria kichwani. Sufuria ilionekana ikitembea juu ya wigo. Damari akaishangilia. Baba akashusha kofia mpaka puani.

Lakini amepita. Hilo ndilo la muhimu.

Jumanne, tarehe 12 Juni

Siku mbaya.

Hakuna aliyeniambia kwamba mtamba anapenda matete. Kamba yake ilikuwa ndefu, nilimpa mwenyewe ili Baba aone sina uchoyo. Asubuhi alikula wigo kutoka katikati, taratibu, bila kelele. Marta katoka jikoni ameinama, chungu cha maharage mikononi, kafika katikati, wigo hakuna. Yuko mbele ya baba mkwe wake, hatua nne!

Marta aliachia chungu akajifunika uso kwa kanga. Baba aligeuka kwa haraka. Shingo ikalia. Niliisikia kutoka mlangoni.

Shingo imekwama kushoto. Haigeuki mbele wala kulia. Baba kasema atakwenda kwa Isakwisa akasuguliwe mafuta ya nyonyo. Akaondoka akitazama pembeni, mtamba nyuma yake, na matete yangu mdomoni.

Marta ameokota vigae vya chungu. Ningependa angenigombeza.

Jumamosi, tarehe 16 Juni

Nimekwenda kwa Isakwisa. Nimemkuta Baba amekalia kinu. Shingo imenyooka. Uwanja mtupu, hata ua moja hakuna.

Tukiwa tunaongea, mke wa Isakwisa alipiga makofi mawili ndani. Baba akasimama, akakibeba kinu chake, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba, mkamwana apite. Nikamfuata. Baadaye makofi tena, kinu kikarudi. Kwa saa moja tulihama mara tatu. Baba alikuwa na furaha.

Nilimuuliza kuhusu mtamba. Hakuzunguka.

"Kwako nilikaa vizuri kuliko hapa. Lakini mke wako hana njia. Nikikuachia ng'ombe, nani atatoka kumkamua?"

Nilitazama viatu vyangu. Niliona aibu, na nilipomkumbuka Damari niliona uchungu kweli. Baba akasema mtamba akizaa, chupa ya kwanza ya maziwa kila asubuhi itakuwa ya mjukuu wake. Niifuate mwenyewe kwa miguu. Isakwisa naye akaniletea kinu kingine nikalie. Kimeniumiza.

Panga langu liko pale ukutani kwake. Nimelisahau tena.

Jumapili, tarehe 24 Juni

Wiki nzima nimefikiri, na nimelipata kosa.

Si benchi. Benchi Baba mwenyewe alilisifu. Na hata ningetaka kulitoa, halitoki. Zubery amejaribu jana, nyundo imevunjika mpini. Kosa ni jiko. Jiko limekaa vibaya tangu mwanzo, na hakuna aliyeniambia.

Baba anarudi kututembelea Krismasi. Basi nitavunja jiko na kulijenga upya nyuma ya benchi, mlango ukitazama barabarani. Marta atatoka apendavyo. Baba atakuwa amempa mgongo. Akiona hivyo, huenda hata ndama atakuwa wetu.

Marta kauliza kama nimefikiri vizuri. Nimemwambia nimefikiri mpaka mwisho. Mbele ya mlango wake mpya itabaki nafasi nzuri, wazi, yenye jua la asubuhi, na mtu akikaa pale na kugeuka ataona uwanja wote. Ni dhambi kuiacha tupu. Zubery ameshaanza kukata mbao za benchi la pili.

Saruji ninayo.