Koo Mbili za Gari la Patrice

Ni mnyama gani mwenye koo mbili, tumbo la moto na miguu minne, naye hawezi hata kukohoa?

Fikirini taratibu. Sadrack hakuhitaji kufikiri, maana jibu lilishuka mbele ya macho yake Ijumaa asubuhi, pale beach, bandari ya mto ya Kisangani, juu ya mbao mbili zilizotoka kwenye barge, tishari la mizigo, hadi nchi kavu. Lilikuwa gari jekundu, la chini kama mtu anayetafuta sindano aliyoangusha. Lilikuwa limepanda mto kutoka Kinshasa kwa wiki tano, likiwa limefunikwa turubai katikati ya magunia ya sementi na mbuzi. Mwenye gari, Patrice, muuza sementi kwa jumla, alisimama chini na ufunguo mkononi na miwani ya jua usoni, ingawa kulikuwa na mawingu.

"Iko na turbo mbili," Patrice aliwaambia watu. "Mumesikia? Mbili."

Watu waliziba masikio ya watoto. Patrice akaingia, akawasha.

Gari likasema: *mmm*.

Basi. Kama cherehani ya fundi mwenye mteja mmoja. Watu walingoja. Dereva mmoja wa toleka, zile baiskeli zetu za abiria zenye mto wa sponji nyuma, akainama hadi kwenye bomba la moshi na kutega sikio.

"Patron," akasema, "ulinunua gari ama friji?"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika ng'ambo ya mto. Patrice alivua miwani, akaivaa tena. Na Sadrack, aliyekuwa ameegemea gunia la wenyewe akila karanga za wenyewe, akaacha kutafuna.

Huyu Sadrack mjini walimwita Ingénieur, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na chombo mkononi. Kisangani ina komini sita, yaani mitaa mikubwa, na katika tano hakuweza kuketi mpaka bia yake iishe. Kule Mangobo aliuza jenereta lisilo na matumbo. Kule Kabondo aliwaandikisha wazee kumi na wawili kwa pensheni ya vita ambayo hakuna aliyekumbuka ilipiganwa wapi. Ilibaki Tshopo peke yake, na Tshopo nayo ilianza kumwangalia. Zaidi ya hayo, Aurélie, msusi aliyemtaka kwa moyo wote, alikuwa amekwisha kuhamia Kinshasa na kumwachia maneno: "Kuja na kitu mukononi. Ukikuja na maneno, maneno niko nayo." Basi alihitaji kitu kimoja tu, kitu kizito cha kushika, na nafasi kwenye bateau, chombo cha kushuka mto.

Na chini ya gari lile, nyuma ya turbo mbili, aliona makopo mawili ya chuma, kila moja kama kichwa cha mbuzi. Wafaransa wanayaita catalyseur. Ndani yake mna kitu kama sega la nyuki, na ndani ya sega hilo mna vumbi la madini ambalo wanunuzi wa Kinshasa wanalitafuta kuliko asali yenyewe. Patrice hakulijua hilo. Sadrack alilijua kwa sababu aliwahi kuosha magari kwa miezi miwili, na mtu wa kuosha huona mengi akiwa chini.

Alijifuta mikono, akasogea kwa heshima.

"Patron, usisikilize hawa batu. Gari iko muzima. Inafungwa koo tu."

"Inafungwa na nani?"

"Na bazungu. Kule kwabo kelele ni kosa. Donc wanafunga. Weye iko na turbo mbili, maana yake koo mbili. Koo mbili inaomba midomo mbili. Sasa angalia pale nyuma: kila kitu inapita mudomo mumoja, tena na leso juu." Alishusha sauti. "Patron, bomba ya moshi wanaita *échappement*. Maana yake nini? Kutoroka. Moshi yako inapashwa itoroke. Ile yako inatembea kama inaenda kwa confession."

Juu ya kutoroka, tukubali, Sadrack alikuwa mtaalamu kweli.

"Na bei?" Patrice akauliza, kwa maana hakuwa na sementi kichwani.

"Miye sitaki kitu. Utalipa soudeur na vyuma vyake. Miye ni kwa heshima ya mji."

Mtu anayependa vya bure ukimwambia ni vya bure, huacha kuuliza. Jumamosi saa mbili gari lilikuwa Tshopo, kwa Jephté soudeur, mchomelea vyuma na mtengenezaji wa majiko ya mkaa na vitanda vya chuma, mtu mpole ambaye hakusema uongo kwa sababu hakusema sana.

Sadrack alikuwa ametandika kitenge chini na kupanga juu yake mabomba matatu, moja moja, kama maman anayeuza samaki wazuri.

"Ya kwanza," akasema, "chuma ya kawaida. Hii ni ya taksi, tusipoteze saa. Ya pili, inox. Haioze, sauti iko muzuri, sauti ya mutu mwenye nyumba. Ya tatu…" Hakuitaja kwanza. Aligeuza bomba lile juani, nalo likang'aa rangi ya bluu, kisha zambarau, kisha dhahabu kidogo mwishoni, kama shingo ya njiwa. "Titane. Chuma ya avion, ya ndege."

Nanyi niwaulize: ni kitu gani kimoja, ukikipaka masizi ni cha kwanza, ukikisugua ni cha pili, ukikichoma moto kidogo ni cha tatu? Ni bomba la kushikia la ngazi ya bateau ya zamani iliyokufa kule chini ya beach, alilokata Jephté usiku wa kuamkia siku hiyo. Inox ukiipitishia moto wa gesi hugeuka bluu yenyewe, haidai hata rangi. Jephté alitazama kitenge, akatazama mawinguni.

Patrice hakuwa mjinga, au ndivyo alivyojiona. Alitoa mfukoni sumaku ya kufungia mlango wa kabati na kuigusisha bomba la bluu. Haikushika, kama isivyoshika inox yoyote. Akaitikia kwa kichwa kama daktari. Akapima uzito kwa mikono miwili, la inox kulia, la titane kushoto.

"Hii iko mwepesi kweli," akasema.

"Si nilisema?" Sadrack akajibu. Lilikuwa fupi kwa kiganja kizima.

"Na kuko watu wanasema habari ya clapet, kifuniko ya ndani ya bomba. Unafunga ukiwa kwa quartier, unafungua ukitoka."

"Clapet ni ya batu ya kuomba ruhusa. Weye unaomba nani ruhusa?"

Patrice alifikiri, akaona hakuna.

"Na nguvu? Farasi itaongezeka?"

"Patron, kutoka posta mpaka aéroport, kuko nafasi ya farasi ngapi? Hao iko nao wanachoka kwa mashimo. Tuongeze sauti. Farasi wengine wakisikia watakuja wenyewe."

Basi Patrice akachagua titane. Alichagua kwa muda mrefu, akiinama na kuinuka, akiuliza unene wa bomba na mkunjo wake na mdomo uwe wa duara au wa yai, na kila swali Sadrack alilipokea kwa uso wa msiba. Bomba la bluu halikutosha pande zote mbili, kwa hiyo Jephté alichoma la pili nalo likawa bluu, lakini lilikuwa jembamba kuliko mwenzake. "Moja ya sauti kubwa, moja ya sauti ndogo," Sadrack alieleza. "Kama lokole. Weye si mwana ya Yanonge?"

Hapo alimgusa. Mababu wa Patrice walikuwa Walokele wa Yanonge, watu wa mto waliozungumza kijiji hadi kijiji kwa lokole, lile gogo lenye sauti mbili, ya juu na ya chini, linaloita watu kwa majina yao. Patrice mwenyewe alizaliwa mjini na hakuelewa hata pigo moja, ndiyo maana alilipenda sana.

Makopo mawili yalipofunguliwa, Patrice aliyasogelea.

"Hizi mutazipeleka wapi?"

"Usiguse," Sadrack akasema taratibu. "Vumbi ya ndani ni sumu. Haiui mutu. Inaua tu…" Aliangalia kando, akakohoa. "Mutu anabaki muzima, lakini bibi yake ndiye analalamika."

Patrice alirudi nyuma hatua tatu na kufunika mbele ya suruali kwa miwani yake. Kisha akamsihi Sadrack, ndugu yake, ingénieur wake, amwondolee uchafu huo auzike mbali. Akampa na gunia. Akampa na sabuni.

Jumapili saa sita, Sadrack alikuwa beach na gunia begani na shati jeupe. Baleinière, boti kubwa la mbao la kwenda Kinshasa, ilikuwa iondoke saa sita, maana yake saa kumi. Hakutaka kusimama muda wote huo na mzigo machoni pa watu. Pembeni aliketi Maman Florentine, muuza samaki wa moshi, mwanamke mpana mwenye makapu saba na usingizi wa jicho moja.

"Maman," akasema, "nisaidie niweke kitu yangu chini ya samaki yako mpaka bateau iite. Miye ni mwana ya Isangi. Sisi wote ni batu ya mto."

"Weka, mwanangu." Aliinua gunia kwa mkono mmoja, akachungulia mdomoni mwake, akalifunga. "Iko nini?"

"Vyuma ya baiskeli."

"Aa," akasema Maman Florentine. "Nikuulize kitu. Nini inabebwa na mutu mumoja na inalemea wawili?"

"Mimba," Sadrack akajibu, akicheka.

"Jaribu tena."

Hakupata nafasi. Kutoka upande wa soko kulikuja sauti ambayo Kisangani haikuwahi kuisikia. Watu walidhani mvua, kisha malori, kisha vita. Likatokea gari jekundu la Patrice, vioo chini, kiwiko nje, na kila alipoachia mafuta mabomba yale mawili yalijibizana, nene na jembamba, yakitema moto kidogo: *ko, ki-ki, ko. Ko-ko, ki.*

Vicheko vya Ijumaa vikakatika. Mzee mmoja akavua kofia.

"Lokole," mtu akanong'ona. "Gari inapiga lokole."

Na ninyi mnacheka, lakini Sadrack hakucheka. Babu yake, huko Isangi, alikuwa na jina la ngoma kama kila mwanaume, na alipofanya ubaya kijiji kimoja, kijiji cha pili kilimngoja na fimbo kabla mtumbwi wake haujagusa nchi. Hadithi hiyo Sadrack alilishwa pamoja na uji; lugha yenyewe ya ngoma hakufundishwa. Alijua kudanganya watu wa komini tano. Hakujua namna ya kudanganya kitu kinachojua jina lako.

*Ko, ki-ki, ko.*

Maman Florentine aliinamisha kichwa, akafumba jicho lililobaki.

"Inaita mutu," akasema polepole, kwa sauti iliyomtosha Sadrack peke yake.

"Nani, Maman?"

"Ngoja. Inasema… mwana ya Isangi." *Ko-ko, ki.* "Wa shati nyeupe. Iko na kitu ya wenyewe, na anataka kupanda bateau."

Shati jeupe likamganda Sadrack mgongoni. Patrice alizunguka uwanja, akarudi, akaachia mafuta tena, na mzee asiye na kofia akawa anageuza shingo kutafuta kitu kwenye umati.

"Wengine wamesikia?"

"Wazee bado wanahesabu. Masikio yao iko nzito. Dakika mbili, tatu."

"Maman, nifanye nini? Miye siwezi kufika Kinshasa mikono mitupu. Kuko mutu ananingoja."

"Na hapa kuko batu wangapi wanakungoja?" Alimwangalia kwa huruma ya kweli kabisa. "Ile kitendawili, jibu ni mali ya wizi: inalemea mwizi na mwenyewe. Wacha gunia. Nitarudishia mwenyewe, gari itanyamaza. Weye pita huku nyuma ya makapu, shuka kwa pirogue. Kimbia polepole, mutu wa kukimbia mbio anaonekana."

Sadrack alilitazama gunia. Akilini alimwona Aurélie mlangoni pa saluni, akiangalia mikono yake kabla ya uso. *Ko, ki-ki, ko*, gari likasema, karibu zaidi. Akaliacha. Alishuka polepole hatua nne, na zilizobaki akaruka, akaangukia katika pirogue, mtumbwi wa mzee mmoja wa Yanonge, Tonton Djuma, aliyekuwa akila kwanga, mkate wake wa muhogo, kwa amani.

Walipofika katikati ya mto, injini ya baleinière ililia nyuma yao. Kwa mara ya kwanza tangu mji huu uwepo, bateau iliondoka kabla ya saa kumi. Juu kabisa, juu ya mizigo yote, aliketi Maman Florentine na makapu saba, na gunia katikati ya miguu. Alimwona Sadrack. Aliinua mkono, kwa adabu.

"Maman Florentine naye anasafiri?" Sadrack akauliza.

"Kila mwezi. Ule mama anajua bei ya kila kitu pale Kinshasa, mpaka vyuma ya gari."

"Lakini… ni Mulokele. Alisikia lokole."

"Nani, Florentine?" Tonton Djuma aliacha kupiga kasia ili acheke vizuri. "Ule ni mutu ya Banalia, si Mulokele hata kidogo. Unaweza piga lokole juu ya kichwa yake, atasema mvua inakuja."

Ukingoni umati ulikuwa ukipiga makofi, na Patrice, mwenye furaha kuliko watu wote wa Kisangani siku ile, alikuwa akizunguka tena na tena, akiwapungia mkono kama askofu. *Ko, ki-ki, ko. Ko-ko, ki.* Maji yalileta sauti yote, haikupotea hata pigo.

"Tonton," Sadrack akasema mwishowe, "weye ni Mulokele kweli?"

"Baba na mama."

"Basi niambie. Inasema nini?"

Mzee aliweka kasia magotini. Alitega sikio moja, kisha la pili. Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeheshimu kazi za mababu, mpaka gari likamaliza mzunguko mzima.

"Inasema," akajibu, "ule soudeur alisahau kuchomelea nyuma."